Antananarivo: Mji wa Magari Yasiyokubali Kuzeeka

Wahenga walituachia usemi kwamba ya kale ni dhahabu. Lakini wahenga hao hawakupata kumiliki gari. Mfanyakazi wa mjini aliyewahi kusukuma gari lake alfajiri, huku majirani wakimchungulia madirishani na watoto wakimshangilia, huenda akawa na usemi mwingine kabisa. Hata hivyo wapo watu, tena si wachache, ambao gari jipya linalong'aa haliwagusi moyo hata kidogo. Wao hupenda mkweche. Hupenda gari lenye tabia zake, lenye mlango usiofunguka mpaka uubembeleze, na lenye mlio ambao mke nyumbani huutambua kutoka mtaa wa tatu akaanza kupakua chakula.

Mimi ni mmoja wa watu hao. Kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini nimepata kumiliki Volkswagen yenye umbo la kobe, Peugeot 404 na Renault 4, na yote yalinifikia yakiwa kuukuu. Mapenzi ya namna hii katika nyumba ya mfanyakazi si jambo la mzaha, kwa kuwa kila spea inayonunuliwa hutoka katika fungu lilelile linalonunua unga na madaftari ya shule. Kwa sababu hiyo nilikuwa na shauku ya siku nyingi kuuona mji ambao magari ya aina hii si mchezo wa wenye nafasi, bali ni kazi ya kila siku na riziki ya maelfu ya watu. Mji huo ni Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska.

MJI WA VILIMA NA NGAZI

Antananarivo umejengwa juu ya vilima katikati ya kisiwa, kiasi cha mita 1,280 juu ya usawa wa bahari. Jina lake maana yake ni mahali pa watu elfu, na husimuliwa kwamba elfu hao walikuwa askari waliowekwa kukilinda kilima hicho baada ya Mfalme Andrianjaka kukitwaa mwanzoni mwa karne ya 17. Juu kabisa limesimama jumba la malkia liitwalo Manjakamiadana, ambalo moto uliliteketeza mwezi Novemba 1995 na kuacha kuta zake za mawe. Chini huonekana ziwa Anosy lililozungukwa na mijakaranda, na ng'ambo ya mji ni mashamba ya mpunga, kijani kitupu mpaka upeo wa macho.

Mtu wa pwani yetu hajisikii mgeni mno huko. Lugha ya Kimalagasi asili yake ni upande wa Borneo, mbali mashariki ya Bahari ya Hindi. Lakini katika mambo ya mifugo sikio la Mswahili hushtuka. Ng'ombe kwao ni omby, kuku ni akoho, na kondoo ni ondry. Wataalamu wa lugha husema maneno hayo yalivuka bahari kutoka pwani ya Afrika, pamoja na wanyama wenyewe.

Mji umegawanyika sehemu tatu: wa juu, wa kati na wa chini, ulipo mtaa wa Analakely. Hapo Analakely palikuwa na soko kubwa la siku ya Ijumaa, liitwalo Zoma, lililosifika kwa miavuli yake myeupe mpaka lilipoondolewa mwaka 1997. Kati ya sehemu hizo kuna ngazi ndefu za mawe zinazomtoa mtu jasho, na barabara nyembamba zinazojipinda kama nyoka, nyingine zimetandikwa mawe badala ya lami. Juu ya barabara hizo ndipo yanapokwea magari niliyokwenda kuyaona. Ni teksi zenye rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai, nyingi zikiwa Citroën 2CV na Renault 4, magari ambayo huko kwao Ufaransa siku hizi hutolewa nje Jumapili tu, ili yapigwe picha.

GARI LA MKULIMA

Msomaji ambaye hajapata kuiona 2CV na afikirie kopo kubwa la bati lililowekewa macho mawili ya chura na paa la turubai. Katika miaka ya 1930 kiongozi wa kampuni ya Citroën, Pierre-Jules Boulanger, aliwaagiza wahandisi wake watengeneze gari la mkulima wa Ufaransa ambaye hadi wakati huo alikuwa akienda sokoni kwa mkokoteni wa farasi. Gari hilo liweze kuwachukua wakulima wawili na kilo 50 za viazi, liende mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na litumie lita tatu tu za petroli kwa kilomita mia moja. Tena liweze kupita katika shamba lililolimwa bila kuvunja yai hata moja ndani ya kikapu.

Vita Kuu ya Pili ikaingilia kati. Magari ya majaribio yakafichwa ili Wajerumani wasiyapate, na ulimwengu haukuliona gari lenyewe mpaka Oktoba 1948, katika maonyesho ya magari mjini Paris. Waandishi wa magazeti walilicheka. Wakulima hawakucheka, waliandikisha majina yao, na orodha ikawa ndefu hata wengine wakangoja kwa miaka. Waliopewa nafasi ya kwanza ni wale ambao kazi zao zilihitaji gari vijijini, kama madaktari, wakunga na mapadri.

Injini ya kwanza ilikuwa na ujazo wa sentimita 375 tu, na nguvu za farasi tisa. Ina silinda mbili zinazotazamana, na hupozwa kwa upepo. Haina rejeta, haina maji, na kwa hiyo haichemki maji hata ikikwea kilima cha namna gani. Springi zake zimelala ubavuni chini ya gari, na zimeunganisha gurudumu la mbele na la nyuma, hivi kwamba gurudumu la mbele likipanda jiwe, la nyuma hujiandaa. Gia hubadilishwa kwa mkono unaotokeza kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli. Viti vinaweza kung'olewa vikawekwa chini ya mti familia ikapumzika. Katika magari ya mwanzo, waipa zilizungushwa na waya uleule wa kupimia mwendo, na hivyo gari likienda polepole waipa nazo zilijikokota, hata kama mvua ilikuwa ya masika.

Renault 4 iliingia uwanjani mwaka 1961 kushindana na gari hilo. Yenyewe ina silinda nne na hupozwa kwa maji, lakini maji hayo yamefungiwa ndani ili mwenye gari asihangaike kuyaongeza kila siku. Ina mlango mpana nyuma, unaoweza kupokea gunia la mchele, mbuzi au kitanda. Jambo la kuchekesha ni kwamba umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma haulingani pande zote mbili. Upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine kwa karibu sentimita tano. Si kosa la kiwandani. Vyuma vya springi za nyuma vimelazwa kimoja mbele ya kingine kwa sababu havikuweza kukaa mahali pamoja. Zaidi ya Renault 4 milioni nane zilitengenezwa, na zaidi ya 2CV milioni 3.8. Gari la mwisho la 2CV lilitoka katika kiwanda cha Mangualde, nchini Ureno, tarehe 27 Julai 1990.

KWA NINI YALIBAKI

Madagaska ilijipatia uhuru wake kutoka kwa Wafaransa tarehe 26 Juni 1960. Magari ya Kifaransa yalikuwa yameingia tangu enzi ya ukoloni, na yaliendelea kuingia baadaye. Kisha yakaja mabadiliko ya mwaka 1972, na tangu 1975 serikali ya Didier Ratsiraka ikashika njia ya ujamaa. Wafaransa wengi waliondoka, na baadhi yao waliuza magari yao kwa haraka. Fedha za kigeni zikawa haba, na gari jipya likawa ndoto. Aliyekuwa na gari alilitunza kama mboni ya jicho.

Wasomaji wetu wenye umri mkubwa hawahitaji kuelezwa hali hiyo. Watakumbuka jinsi bei ya mafuta ilivyopanda duniani mwaka 1973, kisha tena mwaka 1979, wakati nchi yetu ilipokuwa imetoka katika vita vya kumng'oa Idi Amin. Watakumbuka pia amri ya kutoendesha magari ya binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana, na jinsi barabara za Dar es Salaam zilivyokuwa kimya jioni hizo, zikaachiwa waendao kwa miguu na watoto wenye baiskeli. Katika miaka hiyo fundi aliyeweza kuchonga bushi au kuifufua kabureta iliyokufa alikuwa mtu wa heshima mtaani. Kwetu hali ilibadilika, magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Japani, na mikweche mingi ikaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Huko Antananarivo ilipata kazi ya teksi ikaendelea kuishi.

MAARIFA YA DEREVA

Siku ya pili nilimkodi mzee mmoja kwa kutwa nzima. Wenyeji humwita mtu wa umri wake Ingahy, neno la heshima. Tuliongea Kifaransa, na pale kilipotuishia tuliongea kwa mikono. Teksi yake ni Renault 4. Hakuna mita ya nauli. Abiria na dereva hupatana kabla ya kuondoka, kama watu wanaonunua samaki ufukweni.

Jambo la kwanza alilofanya baada ya kupokea malipo ya awali ni kusimama kituo cha mafuta na kununua lita chache tu, zitoshazo safari yenyewe. Ndivyo wafanyavyo madereva wengi huko. Fedha ya kujaza tangi haipo, na tangi lenyewe mara nyingi limeliwa na kutu. Katika baadhi ya teksi nilizopanda, petroli haikuwa ndani ya tangi kabisa, bali ilikuwa katika chupa ya plastiki karibu na miguu ya dereva, ikifuata mpira mwembamba mpaka kwenye injini. Hilo ni jambo la hatari kubwa, na sioni sababu ya kulifunika kwa maneno matamu. Cheche moja yatosha.

Tulipofika kileleni, mzee alizima injini. Gari likateremka kimya kilima kizima, likisikika tu mlio wa matairi juu ya mawe, na lilipofika tambarare akaingiza gia na injini ikaamka. Rafiki yake mwenye 2CV alinieleza kwamba katika gari lake hilo linawezekana kwa kuwa breki haitegemei msaada wa injini, na usukani vilevile. Mguu wa dereva ndio unaokamata. Fanya hivyo kwa gari la kisasa na utaona kanyagio likiwa gumu kama jiwe. Hata hivyo kuteremka bila gia ni kuiachia breki mzigo wote peke yake, na breki ikipata moto hupoteza nguvu. Mzee alikuwa akijua. Alinionyesha kona mbili ambazo hazimi injini kamwe, hata mafuta yawe ghali namna gani.

Kitu kilichonivutia zaidi ni gereji zao. Nyingi hazina hata paa. Ni kivuli cha ukuta na sanduku la spana. Nilimtazama kijana wa miaka ishirini hivi akiifungua gia boksi juu ya gunia, akizipanga pini na bearingi kwa utaratibu kama mama anavyochambua mchele. Hana kitabu. Alifundishwa na baba yake, ambaye alifundishwa katika karakana ya Wafaransa. Bodi iliyotoboka hukatiwa bati jipya na kugongwa kwa nyundo mpaka ikubali umbo la zamani. Mashine hizi zinamvumilia fundi wa namna hiyo kwa sababu zilibuniwa kwa ajili yake. Boulanger alitaka mkulima mwenyewe aweze kulitengeneza gari lake, na kijana huyu wa Antananarivo ni jamaa wa mkulima yule, ingawa hawakupata kuonana.

DAFTARI LA MAMA

Jioni mzee alinikaribisha nyumbani kwake, katika nyumba ya matofali mekundu yenye ghorofa moja na kibaraza chembamba. Uani palikuwa na magari mengine mawili. Moja lilikuwa Renault 4 isiyo na milango wala injini. "Huyu ni marehemu," alisema mzee. "Lakini anaendelea kuwalisha walio hai." Kila spea iliyowezekana ilikuwa imekwisha tolewa kwake kwenda kwa ndugu yake wa barabarani. La pili lilikuwa 2CV ya kijivu, imefunikwa kwa shuka. Mzee alilifunua taratibu. Alilinunua mwaka 1974 kutoka kwa mwalimu Mfaransa aliyekuwa akirudi kwao, na kwa miaka mingi ndilo lililokuwa teksi yake. Alipopata Renault, alilipumzisha. Alilitia moto kwa hendeli, mzunguko mmoja tu, na uani pakajaa ule mlio wa 2CV, kama cherehani kubwa.

"Bwana," akaniambia, "watu husema gari kuukuu hula mshahara wa mtu. Hili halikula mshahara wangu. Mimi ndiye niliyekula mshahara wake. Limesomesha watoto wanne."

Mkewe, ambaye alikuwa akituandalia wali na mchuzi wa majani, alisikia maneno hayo akacheka. Alifuta mikono, akaingia ndani, akarudi na daftari lenye jalada gumu. Akalifungua juu ya meza. Upande wa kushoto yameandikwa mapato ya kila siku. Upande wa kulia ni petroli, tairi, plagi, faini, kodi, fundi. Katika kila mwisho wa juma pamepigwa mstari, na chini ya mstari pameandikwa fungu lililowekwa kando kwa ajili ya gari, na fungu la shule. Hakuna hata mara moja fungu la kwanza lilipochukua nafasi ya la pili.

"Mume wangu hupenda kusema gari limewasomesha watoto," alisema yule mama. "Gari lingeachiwa lenyewe, lingekula hata vyombo vya jikoni. Nilimwambia siku ya kwanza: upende upendavyo, lakini kila shilingi itapita hapa."

Ndipo nikaelezwa habari iliyokuwa ikiwashughulisha siku zile. Mjukuu wao wa kike alikuwa amepata nafasi ya kusomea ukunga, na karo ilikuwa kubwa kuliko safu ya kushoto ya daftari. Wakati huohuo alitokea mnunuzi kutoka Ufaransa, mmoja wa wale wanaozunguka wakitafuta 2CV za zamani ili wazirudishe Ulaya, ambako sasa zina thamani kubwa kwa watozi wa magari. Aliitaka ile ya kijivu, akataja bei ambayo mzee hakupata kuisikia maishani mwake. Renault inayofanya kazi hakuitaka.

Mzee alikuwa ameomba siku tatu za kufikiri. Siku niliyokuwapo ilikuwa ya tatu. Mjukuu mwenyewe, msichana mpole wa miaka kumi na tisa, alisema mbele yangu kwamba babu asiliuze gari kwa ajili yake. Yeye angengoja mwaka mmoja, pengine miwili, labda hali ingebadilika. Mzee hakujibu. Alilizunguka gari lile, akafunga boneti, akakanyaga ubavuni kulijaribu springi, nalo likainama na kuinuka kama lilivyofanya kwa miaka hamsini.

"Mlipolitengeneza Wafaransa," alisema kwa utani, ingawa mimi si Mfaransa, "nasikia mlisema wakunga wapewe kwanza."

Nilimwambia kuwa ni kweli. Orodha ya mwaka ule wa mwanzo iliwatanguliza madaktari na wakunga.

"Basi," alisema, "na apewe mkunga."

Mkewe akaandika tarehe katika daftari, upande wa kushoto, akaacha nafasi ya kiasi. Hapana aliyelia wala kupiga kelele. Tulikula chakula. Baadaye nilimwona mzee akiwa amekaa peke yake ndani ya gari gizani, mikono juu ya usukani, naye mkewe akamwacha akae.

NJIA YA KUSINI

Kesho yake nilishika barabara kuu ya kusini. Kiasi cha kilomita sabini kutoka mji mkuu ni Ambatolampy, mji uliosifika kwa kuyeyusha alumini na kuifanya sufuria. Vyuma vya kila aina huletwa hapo, na miongoni mwake ni vipande vya injini zilizokwisha kabisa. Vijana huviyeyusha juu ya makaa, hushindilia udongo mweusi kuwa umbo, kisha humimina alumini iliyoyeyuka, wengine wao wakiwa peku. Muda mfupi baadaye sufuria imetoka. Gamba la injini ya 2CV ni la alumini. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba gari lililompeleka mtu sokoni kununua mchele sasa linaupika mchele huo.

Kilomita mia moja hivi mbele ni Antsirabe, mji wa baridi wenye chemchemi za maji ya moto na riksho za kuvutwa na watu. Huko mafundi hutengeneza magari madogo ya mapambo kwa makopo yaliyotupwa. 2CV ya ukubwa wa kiganja hukatwa kutoka katika kopo la maziwa, ikapata milango inayofunguka, na mipira ya dripu za hospitali hukatwa ikawa matairi yake. Watoto wetu nao walikuwa mabingwa wa magari ya makopo na waya. Tofauti ni kwamba wenzetu hawa wameifanya sanaa hiyo kazi ya watu wazima yenye kipato.

Mwisho wa safari yangu ulikuwa Fianarantsoa, kilomita mia nne na zaidi kutoka mji mkuu. Hapo ndipo Wamalagasi walipothubutu kutengeneza gari lao wenyewe. Jina lake ni Karenjy, maana yake matembezi, na lilianza kutengenezwa katika miaka ya 1980, enzi ileile ya uhaba. Lina sura ya pekee, kama kitu kilichochorwa kwa rula na mtu mwenye haraka, na ndani yake mlitumiwa mashine za Renault. Papa Yohane Paulo wa Pili alipozuru kisiwa hicho mwaka 1989, alipandishwa Karenjy. Miaka iliyofuata kiwanda kilisimama, kikafufuliwa tena kuelekea mwaka 2009 na shirika linalosaidia watu maskini kupata kazi, na Papa Fransisko alipofika mwezi Septemba 2019 naye alipanda Karenjy. Hayakutengenezwa mengi. Lakini katika nchi iliyozoea kufufua magari ya wengine, kuliona gari lililozaliwa humohumo ni jambo la kutia moyo, nasi tunaoijua Nyumbu ya Kibaha tunaelewa maana yake.

TUJIFUNZE NINI?

Antananarivo si peke yake. Havana, mji mkuu wa Kuba, una magari ya Kimarekani ya kabla ya mwaka 1960, ambayo vikwazo vya Marekani viliyafungia kisiwani, na mafundi wakayapandikizia injini za kila asili. Hata historia ya mbio za magari za Afrika Mashariki ina funzo hili. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo ambayo ilikuwa imekwisha tumika kabla haijafika mikononi mwao. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, kwa Peugeot 404, gari lilelile ambalo katika barabara zetu lilikuwa likibeba abiria, ndizi na kuku.

Lakini tusidanganyane. Magari haya ya kale hayana mikanda ya maana wala mifuko ya hewa, na bati lake ni jembamba. Moshi wake ni mzito, na hewa ya Antananarivo saa za jioni huchoma koo. Serikali nyingi, yetu ikiwamo, hutoza ushuru wa uchakavu kwa magari ya umri mkubwa yanayoingizwa nchini, na zina sababu zake. Anayetaka kumiliki gari la zamani kwa mapenzi yake na aanze na breki, kisha matairi, kisha taa, ndipo afikirie rangi. Ahakikishe kuwa yupo fundi anayeijua mashine hiyo, na kwamba spea zake zinapatikana, hata kama ni kwa kununua marehemu mmoja wa kuweka uani.

La mwisho ni la nyumbani. Ndugu msomaji, ikiwa umelipenda gari kuukuu, usilifiche gharama zake kwa mwenzako. Nunueni daftari. Chini ya mstari wa kila juma andikeni fungu la shule kwanza, kisha la gari. Siku gari litakapodai zaidi ya haki yake, daftari litawaambia mapema, nanyi mtakaa pamoja mezani kuamua.